Farasi wa Bi. Eufrasia na Kilo za Mzee Bonifasi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi. Eufrasia Ruhaga, Mkuu wa Karakana ya Pikipiki ya Umoja wa Maji Mwambao, anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba. Kuanzia siku inayofuata, mtumishi yeyote wa Umoja huu ataweza kuongeza sahani ya pili ya ugali kwa migebuka bila mtu kumtazama tumbo na kumuuliza kama anaionea huruma pikipiki yake. Habari hizi tumezipokea kwa majonzi makubwa. Wapo pia waliozipokea kwa kupumua, lakini hao sitawataja.

Kamati ya kuaga imenipa mimi, Happiness wa stoo, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu meza yangu inatazamana na mlango wa karakana, na kwa hiyo nimeona mengi. Mwenyewe aliposikia alisema niandike, ila nisizidishe chumvi. Nimetii. Chumvi iliyomo humu ni ile ya Uvinza, na nimepima kwa kijiko kidogo.

Bi. Eufrasia aliajiriwa kama tarishi. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua na vipuri vya pampu kwa baiskeli, kutoka ofisini Mwanga hadi Ujiji na kurudi, jua likiwa la utosi. Kabla hajamaliza mwaka, fundi wetu wa pikipiki aliacha kazi akaenda kufanya biashara ya mawese, akatuachia pikipiki zimeegemea ukuta zikiota utando wa buibui. Tarishi akaanza kuzifungua wakati wa chakula cha mchana. Ajabu ni kwamba alizifunga pia, jambo ambalo fundi aliyeondoka hakuwa na mazoea nalo. Uongozi wa wakati ule ukamtoa kwenye baiskeli, na hajarudi tena huko.

Tangu hapo, kila aliyetumwa na Umoja kwenda kukarabati pampu, iwe Kasulu, kwenye kambi za wakimbizi au Mwamgongo, amefundishwa na mama huyu kuendesha, kufunga breki na kusema shikamoo kwa watembea kwa miguu. Zipo pikipiki zetu ambazo ofisi nyingine wangeshaziuza kwa wauza vyuma chakavu, na hadi leo zinapanda milima ya Heru Juu asubuhi na kurudi jioni zikiwa zimebeba mabomba. Wavuvi wa Kibirizi wanazijua kwa majina, maana ndio wanaozipakia kwenye boti. Hiyo ni kazi ya mikono yake, na hapo sitanii hata kidogo.

Sasa tuje kwenye farasi.

Farasi, kwa msomaji ambaye hajapita karakana, ni kipimo cha nguvu za injini. Wengi wetu tunanunua pikipiki kwa masikio: ikinguruma vizuri tunatoa hela. Wengine tunanunua kwa kusoma ubavuni, kwamba hii ina sisi nyingi, yaani injini kubwa, kuliko ile ya jirani. Bi. Eufrasia husema huo ni ushamba. Kwake swali ni moja tu: kila farasi amebebeshwa kilo ngapi? Unachukua uzito wa pikipiki yenyewe, unaongeza mafuta, dereva, abiria, begi na hata kuku uliyepewa kijijini, kisha unagawanya kwa idadi ya farasi. Farasi mwenye kilo chache anakimbia, mwenye kilo nyingi anahema. Somo hilo amelitoa ofisini, msibani, na kwenye foleni ya benki.

Matokeo yake ni kwamba hatuwezi kukutana naye bila kupimwa kwa macho. Anakuamkia vizuri kabisa kwa Kiha, mwakeye, habari za watoto, na wakati bado unajibu yeye ameshakushusha kutoka juu hadi chini na kupata jumla. Kwenye harusi ya binti wa mhasibu, maharusi walipoingia ukumbini kwa madaha, alininong'oneza kwamba kwa wale wawili angeshauri injini ya silinda mbili. Alikuja mgeni wa heshima kutoka kwa wafadhili, mtu wa tai na kitambi, akapewa mkono na Bi. Eufrasia na kuulizwa ana kilo ngapi. Mgeni alidhani ni mila ya Kigoma. Akajibu.

Cha kuchekesha zaidi ni kwamba mhubiri huyu wa nguvu za injini haendi mbio. Jamani, haendi! Amepitwa na bajaji, amepitwa na baiskeli zenye mkaa. Meshack, fundi wetu anayerithi karakana, anaapa kwamba siku moja walipitwa na msafara wa kipaimara uliokuwa ukitembea kwa miguu. Ukimuuliza Bi. Eufrasia farasi wote hao ni wa nini, anasema nguvu si lazima uitumie, ila ukiihitaji mlimani usiikose.

Jambo la pili linalojulikana kwake ni desturi ya kuilaza. Hakuna mtumishi aliyewahi kukabidhiwa ufunguo wa pikipiki kabla ya kuilaza chini kwenye magunia ya karakana na kuiinua mwenyewe, bila msaada, wenzake wote wakitazama. Unaigeuzia mgongo, unaweka makalio kwenye kiti chake, unakunja magoti, unashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mkono mwingine, halafu unarudi kinyumenyume kwa nguvu za miguu. Isipoinuka, unapewa nyepesi zaidi, uwe meneja au mlinzi. Bucumi, fundi pampu wetu wa kambini, aliinua yake huku andazi likiwa mdomoni, akaambiwa ailaze tena kwa sababu andazi halimo kwenye utaratibu. Mwandishi wa wasifu huu aliinua mara ya nne, na kesho yake hakuweza kuchana nywele.

Tulipomuuliza desturi hiyo ameitoa wapi, alikuwa akijibu kwamba aliwahi kulaliwa, kisha anabadilisha mazungumzo.

Hapa lazima nimlete mumewe. Mzee Bonifasi ni fundi cherehani wa Ujiji, mtu wa suti za vipande vitatu, mpole, na mwenye mwili wa kutosha. Katika miaka yote hii hakuna aliyewahi kumwona amekaa kwenye pikipiki ya mkewe, wala ya mtu mwingine yeyote. Mke anapita barabarani na kiti cha nyuma kitupu, mume anafuata kwa miguu, au amejikunja ndani ya bajaji. Akiulizwa, alikuwa anasema pikipiki inaharibu mkunjo wa suruali. Tulimcheka sana kwa hilo.

Kumbe Bi. Eufrasia alikuwa na ndoto moja, na ndoto hiyo ilihitaji kiti cha nyuma kiwe na mtu. Maisha yake yote ameyafanyia upande huu wa juu wa ziwa. Mwisho wake wa kusini hajawahi kuuona. Alipanga kwamba akistaafu atajinunulia pikipiki ya safari, zile za kukaa kwa raha, miguu mbele na mgongo umenyooka, ashuke nayo Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, hadi Kasanga ambako maji ya upande wetu yanaishia, amuone huyo Tanganyika anapofika mwisho. Na alitaka kwenda na mumewe. Siku moja aliniambia stooni, waziwazi, bila utani wake wa kawaida, kwamba ameendesha miaka thelathini na mitatu na upepo nyuma yake, na kama Bonifasi hapandi, yeye pia haendi.

Kamati ikachanga na kununua helmeti mbili za zawadi. Moja alikabidhiwa mapema. Ya pili ilikaa kwenye rafu yangu ndani ya nailoni, na hakuna aliyejua kama itapata kichwa.

Mwezi wa nane muuzaji mmoja wa mjini akaleta pikipiki mbili za safari, na ofisi haikukalika tena. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, farasi arobaini na sita, uzito kilo mia moja na tisini. Ya pili nyeusi, pana, inang'aa kama sufuria ya harusi, farasi sitini na wawili, uzito kilo mia mbili na themanini. Vijana wote walikwenda kwa Nyeusi. Bi. Eufrasia akawaonea huruma, akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa karakana. Zikiwa tupu, farasi wa Nyeusi anabeba kilo nne na nusu, wa Nyekundu anabeba nne na kidogo. Kwa hiyo Nyekundu, pamoja na udogo wake, ndiyo yenye miguu myepesi. Vijana wakanywea. Akajiongeza mwenyewe, kilo zake sabini ambazo hazifichi, akapata kwamba sasa zimelingana kabisa, kilo tano na nusu na ushee kwa kila farasi.

Akabaki ameshika chaki. Hesabu ilikuwa inamsubiri Mzee Bonifasi, na Mzee Bonifasi alikuwa amewaambia wote kwamba ana kilo themanini. Fundi cherehani aliyeshonea watu suti tangu ujana, anayejua viuno vya nusu ya Ujiji, kujipima mwenyewe alikuwa hataki.

Tukamtega. Alipoleta ovaroli mpya za mafundi, nilimwambia stoo inahitaji kujua uzito wa furushi, na kwamba mizani yetu ya mifuko ya saruji haisomi vizuri vitu vidogo, hivyo apande nalo, kisha apande bila furushi, nami nitatoa. Alipanda nalo. Aliposhuka na kupanda bila furushi, aliona Meshack anaandika kiganjani, akaelewa. Tisini na nane! Sikujua niangalie wapi.

Hakukasirika. Alishuka taratibu, akakaa kwenye kiti changu, na ndipo akanisimulia habari ya Kidahwe. Walikuwa wameoana majuzi tu. Ofisi ilikuwa na pikipiki moja kubwa ambayo ndiyo ilikuwa sifa ya Umoja, na bibi harusi akaichukua ili wakawasalimie wakwe. Kwenye kona yenye mchanga, tairi la mbele likateleza. Bonifasi akatupwa kwenye shamba la mihogo, hakuumia hata ukucha. Eufrasia akabaki chini ya pikipiki, bomba la moshi likimuunguza shavu la mguu. Alama ipo hadi leo, tulidhani ni ya kuni. Bonifasi wa siku hizo alikuwa mwembamba kama uzi wake, akavuta, akavuta, pikipiki haikutikisika, na mkewe alikuwa analia jina lake. Wakaja akina mama waliokuwa wanatoka gulioni, wakatua mizigo yao, wakaiinua.

Mke alirudi kutoka Kidahwe na desturi ya kuilaza. Mume alirudi na nadhiri kwamba hatapanda tena. Suruali haikuhusika. Aliniambia kinachomtisha si kuanguka yeye, ni kusimama tena pembeni ya barabara, mikono mitupu, akimwangalia. Barabara ya Mpanda ina mapori marefu, na akina mama wa gulioni hawapo kila kona. Akatoa sharti: atapanda ile tu ambayo mkewe ataiinua mwenyewe mbele ya watu, kama alivyotufanyisha sisi. Isipoinuka, basi safari haipo. Nilikubali kupeleka ujumbe, na baada ya hapo sikuwa na hamu ya kucheka.

Bi. Eufrasia alisikia, akarudi kwenye chaki. Kwa watu wawili na mabegi, farasi wa Nyekundu anabeba kilo zaidi ya nane, wa Nyeusi anabeba saba na nusu. Kwa hiyo hesabu ilichagua Nyeusi, na sharti lilichagua Nyekundu. Chaki yake mwenyewe na magunia yake mwenyewe vilikuwa vimegombana.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulikusanyika uani wengi kuliko siku ya mishahara. Kwanza zikajaribiwa mlimani, kutoka stesheni kupanda Mwanga, Bi. Eufrasia akiendesha, Meshack akiwa nyuma na mfuko wa saruji uliopunguzwa mapajani ili afikie uzito wa Mzee. Nyekundu ilipanda, tuwe wakweli, haikutuaibisha, ila ilipanda kwa gia ndogo na ikilalamika njia nzima. Nyeusi ilipanda kimya. Meshack alisema mfuko wa saruji ulisinzia.

Kisha zikaletwa kwenye magunia. Nyekundu Bi. Eufrasia aliiinua mara moja, tukapiga makofi, na nadhani wengi tulitaka mambo yaishie hapo. Hakuishia hapo. Alijua mlima wa kupanda kurudi kutoka Kasanga si mlima wa Mwanga, na hakutaka kumpandisha mumewe kwenye kitu kinachohema. Na tuseme yote: alikuwa ameipenda Nyeusi. Mama wa hesabu, aliyetukataza miaka yote kupenda pikipiki kwa macho, alikuwa anaifuta vioo kwa kitenge chake.

Akailaza. Akaigeuzia mgongo, akakunja magoti. Mara ya kwanza haikutikisika. Mara ya pili ilipanda hadi usawa wa goti, ikamshinda, ikarudi chini na kuvunja kioo kimoja, muuzaji akashika kichwa. Meshack alitaka kusogea, akakatazwa kwa kidole. Mara ya tatu haikuinuka hata kidogo. Mama yetu alibaki ameegemea ile pikipiki, anahema, jasho linamtiririka, na uso wake sijawahi kuuona vile. Tulitazama chini. Mtu aliyetuinulisha sote kwa miaka thelathini na mitatu, ilikuwa vibaya kumwangalia.

Mzee Bonifasi akasimama. Akavua koti, akalikunja vizuri kama fundi, akaniwekea mapajani. Akatembea hadi kwenye magunia, akamuuliza mkewe mtu anasimamaje.

Bi. Eufrasia akajifuta jasho kwa kitenge. Halafu akamfundisha kama anavyofundisha watu wote: mgongo hapa, magoti hivi, usivute kwa mikono, sukuma kwa miguu. Hakuruka hatua hata moja, na alimkosoa unyayo wa kushoto. Wakaigeuzia migongo wote wawili, akahesabu mpaka tatu, na zile kilo tisini na nane zikarudi nyuma kwa pamoja. Nyeusi ikainuka. Ikainuka upesi kiasi kwamba Bucumi alilazimika kuikinga isiangukie upande wa pili. Suruali ya Mzee, aliyoishona mwenyewe, ikapasuka mshono wa nyuma kutoka juu hadi chini, na wala hakushika.

Hapo Meshack, ambaye ameiva kwa kazi anayorithi, akauliza kama inaruhusiwa, maana siku zote kanuni ilikuwa mtu ainue peke yake. Bi. Eufrasia akajibu kwamba kanuni ni waipandao waiinue, na ilikuwa ya mtu mmoja kwa sababu tangu Kidahwe yeye hakuwahi kuwa na abiria. Aliyasema hayo akiwa ameshika mkono wa mumewe mbele ya watumishi wote, jambo ambalo nalo si la kawaida hapa. Kisha akaenda kwenye mlango, akafuta namba ya Mzee mahali ilipokuwa chini ya mizigo, akaiandika upya upande wa farasi. Kihesabu si sahihi, na yeye anajua. Ameagiza mlango usipakwe rangi.

Jumatatu Mzee Bonifasi alikuja stooni kuchukua helmeti yake. Alisaini, akaivaa, ikambana masikio, nikambadilishia. Alipokuwa anatoka alisimama mbele ya mizani ya saruji, akaipanda bila kuombwa na mtu, akasoma, akashuka kifua mbele. Akaniambia niandike mia kamili, kwa sababu bado hajanywa chai.

Bi. Eufrasia, kwa niaba ya watumishi wote wa Umoja wa Maji Mwambao, asante kwa kila nati uliyokaza na kila mgongo uliounyoosha kwa lazima. Tutakukosa, hata wale waliopumua. Safari yenu ya Kasanga iwe ya heri, mtusalimie maji ya huko mwisho, na maisha baada ya kazi yawe mepesi kwa kila farasi. Nendeni polepole kama kawaida yako. Na mkianguka, muinuke wawili.

Imeandikwa na Happiness, Stoo